Muulize Mwalimu: "Hasomi mpaka nikae pembeni yake"

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Kirumba, Mwanza, nauza dagaa na kayabo, yaani sangara wa kukaushwa kwa chumvi, pale soko la Mwaloni. Kijana wangu wa kwanza alimaliza kidato cha nne akapata division one ya pointi 15, nyumba nzima tukafurahi. Akapangiwa PCB shule ya bweni, akaanza Julai. Sasa amerudi likizo ya Desemba na ripoti imenivunja moyo: Fizikia S, Kemia F, Baiolojia E. Mwalimu wa darasa ameandika "hajitumi". Nashangaa, maana hapa nyumbani alikuwa anasoma kila siku. Nilikuwa namwamsha saa kumi alfajiri kabla sijaenda kupokea mzigo, na jioni nakaa naye mezani mpaka saa nne. Tuisheni alikuwa na mbili, moja hapa Kirumba, nyingine Pasiansi. Hata sasa nikitoka tu, anashika simu. Nikikaa pembeni yake, anasoma. Nafikiria nimhamishie shule ya kutwa hapa mjini niwe naye karibu. Nishauri.
Mama wa Kirumba

Marahaba, mama. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilivua miwani nikaiweka mezani, kwa sababu barua hii ningeweza kuiandika mimi miaka ishirini iliyopita.

Nimefundisha Baiolojia sekondari kwa miaka 31. Mchana nilikuwa mwalimu wa watoto wa wenzangu, na usiku nikawa askari wa mwanangu wa kwanza. Ratiba yake niliichora mimi, kwa rula na kalamu nyekundu, nikaibandika ukutani juu ya kitanda chake. Nilijua kila siku amefika ukurasa wa ngapi. Kidato cha nne akapata one, majirani wakaja kunipongeza mimi, nami nikapokea pongezi kana kwamba mtihani nilifanya mimi. Akaenda kidato cha tano bweni, mkoa mwingine. Muhula wa kwanza karibu afeli masomo yote. Na mimi, kama wewe, wazo langu la kwanza lilikuwa kumrudisha nyumbani.

Kabla sijafanya hivyo nilimketisha mezani hapa Nyegezi, usiku, umeme umekatika, tumewasha chemli. Nikamwambia alete kauntabuku yake ya Baiolojia. Mama, daftari lilikuwa zuri. Vichwa vya habari kwa wino mwekundu, mistari imepigwa kwa rula, mchoro wa figo umepakwa rangi tatu. Nikalifunga. Nikachana ukurasa wa kalenda ya mwaka uliopita, nikaugeuza upande mweupe, nikamwambia: andika jinsi figo inavyochuja damu. Akaandika tarehe pembeni. Akaandika kichwa cha habari, akakipigia mstari kwa rula. Akaandika mistari minne. Kisha akanyamaza, akazungusha kalamu vidoleni, akaniangalia. Akasema, "Mama, sasa unataka niandike nini tena?"

Nilitaka kumjibu. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Hapo ndipo nikaelewa kwamba miaka minne yote mtoto alikuwa akisubiri sauti yangu ndipo aendelee.

Kijana wako si mvivu. Mwalimu wake ameandika "hajitumi" kwa sababu ndivyo inavyoonekana ukiwa mbele ya darasa la wanafunzi wengi. Lakini kusoma kuna kazi ndani yake ambazo mtoto huyu hajawahi kukabidhiwa: kuamua aanze saa ngapi, kuchagua aanze na nini, kujua kama ameelewa au amepitisha macho tu, na kuamua apumzike lini. Zote hizo ulizifanya wewe, kwa upendo na kwa usingizi wako mwenyewe. Yeye alibaki na kuketi. Sasa bweni kengele ya prepo, ile saa ya kujisomea, inalia, anaketi kama alivyozoea, anafungua daftari, anasubiri. Hakuna anayekuja.

Kwa hiyo usimhamishe. Ukimrudisha nyumbani alama zitapanda, hilo silipingi, na huenda zikamfikisha mpaka mtihani wa Mei wa kidato cha sita. Baada ya hapo kuna chuo, na chuoni hakuna mama wala kengele.

Ila usimwachie yote kwa mkupuo. Hilo nalo mimi nililifanya, kwa hasira, nikamwambia "basi, kuanzia leo jitegemee." Alizama wiki mbili nzima. Mkabidhi kitu kimoja kimoja, na likizo hii inatosha kuanzia.

Anza na saa. Mnunulie saa ndogo ya mezani yenye kengele, kwa sababu shule nyingi haziruhusu simu bwenini na saa atakwenda nayo. Achague mwenyewe muda wa kusoma. Kama atasema saa nane mchana, iwe saa nane mchana. Wewe nenda kapokee mzigo wako, usipige simu kuuliza kama ameamka. Atalala mpaka jua litoke, mama. Siku ya pili atalala tena. Utaumia, na utapanga maneno njia nzima kutoka Mwaloni mpaka nyumbani. Yameze. Jioni muulize tu: "Leo ulipanga nini, na kimekwendaje?" Kisha nyamaza umsikilize mpaka amalize, hata kama anachosema ni aibu. Kijana akishaisikia aibu yake kwa sauti yake mwenyewe, kesho yake kengele anaisikia vizuri zaidi.

Wiki inayofuata mwachie kuchagua cha kusoma. Achukue muhtasari wa kila somo, apitie mada zote, aweke alama: hii naweza kumfundisha mwenzangu, hii naijua nusunusu, hii siijui. Wanafunzi wengi huanza na ile wanayoiweza kwa sababu inafurahisha, na Kemia yenye F inabaki begani. Kuna kitu kimoja ambacho wazazi wengi hawakijui: Baraza la Mitihani huweka kwenye tovuti yake ripoti za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo, swali kwa swali, zikieleza watahiniwa walikosea wapi na kwa nini. Zinapatikana bure. Kama lazima ashike simu, aishike kwa ajili ya hizo. Na vitabu vya kiada vipo kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu, na Maktaba ya Mkoa hapa mjini ina meza na utulivu.

Kazi ya kujua kama ameelewa ndiyo ngumu kuliko zote, kwa hiyo nivumilie hapa.

Mtoto aliyesoma ukurasa mara tano huona maneno yanamzoea, akadhani ameyajua. Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, alijipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, akachapisha matokeo yake mwaka 1885. Aliona kwamba ndani ya siku ya kwanza zaidi ya nusu hupotea, na kwamba kurudia kidogo kidogo kwa siku kadhaa hushika kuliko kurudia mara nyingi siku moja. Mwaka 2006 kule Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Baadhi walivirudia kuvisoma, wengine walifunga karatasi wakaandika wanachokumbuka. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma ndio waliokuwa mbele. Baada ya wiki moja, waliojiandikia wakawa mbele yao. Ndiyo maana mwanao alionekana anajua kila jioni mezani, na kwenye chumba cha mtihani hakikutoka kitu. Usiku wa kuamkia mtihani, kukariri kunasaidia. Mtihani wa kidato cha sita unauliza mambo ya miaka miwili.

Afanye hivi: asome kipande kifupi, afunge daftari, aandike kwenye karatasi chakavu chochote kinachotoka kichwani. Kisha afungue, na kwa kalamu ya rangi nyingine ajaze alichosahau. Hiyo rangi ya pili ndiyo ratiba yake ya kesho. Arudie baada ya siku mbili, kisha baada ya wiki. Mwanzoni ataichukia, kwa sababu inamwonyesha asichokijua, na miaka yote amezoea daftari linalompendeza.

Sasa utasema, "Mwalimu, mimi niliishia darasa la saba, nitamsaidiaje na PCB?" Unaweza, na kwa jambo hili unanizidi mimi. Una kayabo. Mwombe akueleze kwa nini chumvi inakausha sangara. Atakujibu kwa Kiingereza, sentensi moja iliyonyooka ya kitabuni, kuhusu osmosi. Mwambie hujaelewa. Akueleze kwa Kiswahili. Atasema maji yanatoka. Muulize: yanatoka wapi, kwa nini yasibaki? Atafika kwenye utando wa seli, na kwamba maji hupita kutoka upande wenye maji mengi kwenda upande wenye chumvi nyingi. Muulize tena: basi mbona haozi? Hapo itabidi afikirie bakteria, kwamba nao ni seli na nao wanakaushwa na chumvi ileile. Akikwama, usimsaidie na usimcheke. Akakitafute, akurudie. Wewe huhitaji kulijua jibu. Unahitaji kuuliza "kwa nini" na kuwa na subira ya kungoja.

Na hapo kuna shida ambayo nimeiona kwa miaka yangu yote ya kushika chaki. Watoto wetu wanaingia sekondari, lugha inabadilika ghafla, wanaanza kubeba sentensi za Kiingereza kama mzigo wa mtu mwingine, hawajui ndani mna nini. Kijana akishakieleza kitu kwa Kiswahili mpaka mama yake wa Mwaloni akaelewa, ndipo akiandike kwa Kiingereza kama mtihani unavyotaka. Kwa mpangilio huo Kiingereza chenyewe kinanyooka.

Umeandika kwamba ukikaa pembeni yake anasoma. Basi endelea kukaa, ila usimtazame yeye. Njoo mezani na daftari lako la mzigo: nani amekopa, magunia mangapi yamekwenda, bei ya wiki imekuwaje. Fanya hesabu zako kimya. Akikuuliza kitu, muulize kwanza amejaribu mpaka wapi. Watoto wetu wengi hawajawahi kumwona mtu mzima akihangaika na karatasi yake mwenyewe, anakosea, anafuta, anaanza upya.

Simu zote za nyumbani zilale kwenye bakuli juu ya kabati kuanzia saa moja mpaka saa tatu usiku. Zote. Najua wateja wako wanaweza kupiga wakati huo. Yako ikiita, ipokee, utoke nayo nje. Lakini akiona mama anaperuzi huku yake imefungiwa, hutakuwa umemfundisha kitu.

Tuisheni punguza, ikiwezekana zote mbili kwa likizo hii. Kijana aliyesikiliza mwalimu asubuhi, akasikiliza mwalimu wa pili mchana na wa tatu jioni, amefanya kazi ya masikio siku nzima. Saa ya kukaa peke yake na swali gumu mpaka limchoshe ameipata wapi?

Mwanangu hakupanda muhula ule uliofuata, nikuambie ukweli ili usikate tamaa Aprili. Alipanda kidato cha sita. Akapata division two. Kwenye sanduku lake nilikuta karatasi za kalenda zaidi ya sitini, zimeandikwa upande mweupe kwa rangi mbili, na ratiba aliyoichora mwenyewe, imepinda, haikupigwa rula. Two ile niliipenda kuliko one ya kwanza, na ratiba ninayo mpaka leo.

*

Shikamoo Mwalimu. Naingia kidato cha nne, nasoma Igoma. Wenzangu wanapiga msuli mpaka saa nane usiku, wengine wanaweka miguu kwenye beseni la maji baridi wasisinzie. Nikijaribu nasinzia darasani siku inayofuata. Nifanyeje niwafikie?
Mvulana wa Igoma

Marahaba, mwanangu. Toa miguu kwenye beseni ukalale. Wataalamu wa usingizi wanashauri vijana wa miaka 13 hadi 18 walale saa 8 hadi 10 kwa siku, na sababu ni ya kimwili: ulichosoma mchana, ubongo hukipanga na kukishikiza ukiwa umelala. Anayekesha anamwaga maji kwenye mtungi ambao bado haujakauka udongo. Katika umri wako ni kawaida pia usingizi kuchelewa kuja usiku kuliko kwa mtoto mdogo, kwa hiyo usijilaumu kama saa tatu bado macho makavu. Soma mpaka saa nne, zima taa. Na darasani keti mbele, uwe macho wakati mwalimu anafundisha. Hao wenzako wa beseni, waangalie kipindi cha tatu.

*

Shikamoo Mwalimu. Nipo kidato cha tatu, shule ya kutwa, Ukerewe. Naishi kwa baba mkubwa ambaye ana mitumbwi ya dagaa. Nikitoka shule nachota maji, napika, na asubuhi kabla ya kwenda shule nasaidia kuanika dagaa. Kaka zangu hawapewi kazi hizo, wao wanasoma. Mwalimu wetu anasema tupange ratiba ya kusoma kila siku saa kumi na mbili jioni. Mimi ratiba hiyo siiwezi. Naona kama sina nidhamu.
Msichana wa Ukerewe

Marahaba, mwanangu. Soma tena barua yako mwenyewe, halafu uniambie ni nani mwenye nidhamu katika nyumba hiyo. Kujitegemea unakujua kuliko wengi wanaoniandikia. Unachokosa ni muda, na muda wako uko mikononi mwa watu wengine.

Ratiba ya mwalimu wako imetungwa kwa mtoto ambaye siku zake zinafanana. Zako hazifanani. Zinafuata mwezi. Wakati wa giza mitumbwi inatoka kila usiku, asubuhi dagaa wanakuja, nawe uko kwenye chanja kabla jua halijachomoza. Mbalamwezi ikiingia, taa hazivuti dagaa, wavuvi wanapumzika, nyavu zinashonwa. Hizo siku ndizo zako. Chukua kalenda, zungushia siku za mbalamwezi za kila mwezi kuanzia sasa mpaka mtihani wako. Weka humo mambo mazito: hesabu, insha, mada mpya, mitihani ya miaka iliyopita. Siku za giza usijidanganye kwamba utasoma saa mbili. Andika maswali matano kwenye kipande cha karatasi, swali mbele, jibu nyuma, kiweke mfukoni. Ukiwa unageuza dagaa jiulize moja. Ukiwa kwenye foleni ya maji jiulize la pili. Kugeuza karatasi ni mwisho, baada ya kujaribu. Maswali matano kwa siku kumi na tano si haba.

Pia muombe mwalimu wa taaluma akuruhusu ubaki darasani nusu saa baada ya kengele ya mwisho, kabla hujaanza safari ya nyumbani. Ukishafika, kazi zinakudaka. Usione haya kumweleza kwa nini. Walimu wengi hatujui mtoto anarudi kwenye nini mpaka atuambie.

Lililobaki si lako wewe kulifanya, kwa hiyo naomba nimseme anayehusika. Baba mkubwa wake, kama ukurasa huu umefika mikononi mwako, nakusalimu kwa heshima. Umemchukua mtoto wa ndugu yako, umemlisha, umempeleka shule, na hilo halifanywi na kila mtu. Sikuombi asishike kazi; nami nimekua nikianika dagaa. Nakuomba kaka zake nao wachote maji, na jioni za mbalamwezi binti apewe saa mbili ambazo hakuna atakayemwita. Nyakati hizo taa za sola za mitumbwini zinakaa ndani zikingoja giza lirudi. Naomba moja ikae mezani kwake.